Tunagombania mdundo, mtunzi anapotea

Kila baada ya miezi michache ugomvi huu hurudi. Kwaya inarekodi wimbo wenye ngoma za amapiano, au mwimbaji wa injili anatoa video ambayo ukiizima sauti hujui kama unatazama ibada au ukumbi wa Jumamosi usiku, na mitandao inawaka moto. Wapo wanaosema dunia imeingia kanisani na kukaa viti vya mbele. Wapo wanaojibu kwamba muziki wa injili wenyewe uliasisiwa na mpiga kinanda wa vilabu vya pombe, na siku hizi wanamtaja kabisa kwa jina: Thomas Dorsey wa Chicago. Akishatajwa Dorsey, mjadala unachukuliwa kuwa umekwisha, kana kwamba maisha ya miaka 93 ni mstari mmoja wa kumnyamazishia mchungaji. Mimi naona wanaomtaja na wanaomkwepa wote wamemsoma nusu. Mdundo haukuwa jambo kubwa kuliko yote aliyolifanyia kanisa la Wamarekani Weusi. Kubwa zaidi ni kwamba wimbo wa injili ulipata mwenyewe anayejulikana, ukaandikwa kwenye karatasi inayonunuliwa, ukafundishwa kwa kwaya zilizopangwa. Midundo sisi Afrika Mashariki tunayo ya kumwaga. Hayo mengine ndiyo yanayotupiga chenga mpaka leo, na ugomvi wa biti unatusaidia tusiyaone.

Dorsey alizaliwa tarehe 1 Julai 1899 huko Villa Rica, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mhubiri wa kuzunguka aliyelima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Mama yake alipiga kinanda kanisani. Familia ilipohamia Atlanta, heshima waliyokuwa nayo kijijini ilibaki kijijini. Mtoto wa mhubiri akawa anauza vinywaji kwenye ukumbi wa maonyesho wa mtaa wa Decatur, na huko ndiko alikojifunza kinanda, kwa kuangalia vidole vya wapigaji. Akiwa kijana alihamia Chicago pamoja na maelfu kwa maelfu ya Weusi waliokuwa wakizikimbia shida za kusini. Mwaka 1920 alisajili hakimiliki ya wimbo wake wa kwanza, wimbo wa bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani Weusi. Tukio hilo ni dogo na wengi huliruka, lakini naomba msomaji aliweke akilini: kijana wa miaka 21, mtoto wa mkulima asiye na shamba lake, alijua kwamba wimbo ni mali na mali huandikishwa.

Kuanzia hapo maisha yake yalikwenda njia mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 1921 aliguswa na uimbaji kwenye mkutano mkuu wa Wabaptisti, akaanza kutumika kanisani, kisha mshahara wa bendi ukamrudisha kwenye vilabu. Mwaka 1924 akawa mpiga piano na kiongozi wa bendi ya Ma Rainey, malkia wa bluzi wa enzi ile. Mwaka 1926 alishikwa na huzuni nzito iliyomlaza karibu miaka miwili. Hakuweza kufanya kazi, na alifikia hatua ya kutaka kujiua. Ni katika kipindi hicho, baada ya kifo cha ghafla cha mtu wa karibu naye, ndipo alipoanza kutunga nyimbo za injili kwa dhati. Lakini mwaka 1928, akitumia jina la Georgia Tom, alirekodi pamoja na mpiga gitaa Tampa Red wimbo wa mafumbo ya chumbani uliouzwa kwa wingi mno. Anayetaka Dorsey mtakatifu aliyeokoka siku moja na kuchoma santuri zake hatampata. Kwa zaidi ya miaka kumi mtu huyu alikuwa na mguu mmoja kilabuni na mwingine kanisani.

Agosti 1932 alikuwa St. Louis kwenye mkutano wa injili alipoletewa telegramu. Mkewe, Nettie, ambaye Dorsey alikuwa amemwacha Chicago akiwa mja mzito, amefariki wakati wa kujifungua. Alirudi akamkuta mtoto wa kiume yu hai. Haikupita siku, mtoto naye akafa. Wakazikwa pamoja. Katika majonzi hayo ndipo ulipotoka wimbo wake mkubwa kuliko yote, "Take My Hand, Precious Lord", ombi la mtu aliyechoka anayemwomba Bwana amshike mkono amfikishe nyumbani. Martin Luther King aliupenda kuliko nyimbo nyingine, na jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, dakika chache kabla ya kupigwa risasi kwenye ile hoteli ya Memphis, alikuwa akimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige usiku huo. Mwimbaji wa injili Mahalia Jackson akauimba kwenye maziko yake.

Jambo moja kuhusu wimbo huo linavuruga hoja za pande zote mbili. Sauti yake haikutoka kilabuni. Msingi wake ni "Maitland", tuni ya kanisani iliyochapwa tangu mwaka 1844, aliyoitunga Mmarekani mweupe, George Nelson Allen. Dorsey aliichukua, akaivuta, akaipinda kwenye noti zile zinazolia kama mtu anayelia, akaiwekea maneno yake. Anayesema Dorsey alileta baa kanisani anapaswa aeleze ni kwa nini wimbo wake mkuu umekaa juu ya tuni ya zamani ya ibada. Na anayesema Dorsey ndiye kibali cha kuleta biti yoyote, naye aeleze ni kwa nini siku ya msiba, akiwa na hazina yote ya bluzi vidoleni, mtu huyu alishika tuni ya ibada iliyokuwapo kabla hajazaliwa.

Tuwasikilize kwanza wanaopinga midundo mipya, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko wanavyopewa. Muziki hauji mtupu. Unakuja na mahali ulipotoka. Mtu aliyeacha pombe mwaka jana, akaja kanisani kwa kujikokota, akisikia besi ileile iliyokuwa ikimsindikiza kwenye chupa, mwili wake unakumbuka kabla ya akili yake. Sioni haki ya kumcheka mtu huyo wala mchungaji anayemlinda. Wachungaji wa Chicago wa miaka ya 1930 walisema hayohayo, na Dorsey mwenyewe alisimulia jinsi alivyofukuzwa kwenye makanisa mengi makubwa. Wengine walikuwa na sababu isiyo ya kiroho: makanisa ya Weusi waliokwisha kusoma yalitaka kwaya iimbe muziki wa Ulaya kwa nota na utulivu, na uimbaji wa wageni kutoka kusini, wa kupiga makofi na kuyumba, uliwatia aibu. Hapo ndipo ninapoachana nao. Kumlinda mnyonge ni jambo moja, kumwonea aibu ni jingine, na hata kwetu yanachanganywa. Mara nyingi anayesema "hii si ya kanisani" anamaanisha tu kwamba si ya watu wa aina yake. Nyimbo alizofukuziwa Dorsey leo zimo ndani ya vitabu vya nyimbo vya makanisa yaleyale, zinaimbwa na bibi vizee waliovaa kofia nyeupe.

Upande wa pili nao una neno la kweli, kwamba kila kizazi humwimbia Mungu kwa sauti ya mtaani kwake. Tatizo linaanza wanapovuka hapo na kusema mdundo hauna maana yoyote, ni chombo tu kama kikombe, unaweka maji au chai. Dorsey asingekubali hata kidogo. Aliichukua bluzi hasa kwa sababu ina maana: imebeba kilio cha mtu aliyeonewa, asiye na pa kwenda, na yeye aliona kilio hicho kinastahili kusikika madhabahuni. Alichagua, kwa miaka mingi, kwa maumivu. Prodyuza anayeweka biti ya injili kwa sababu wiki hii ndiyo inayotazamwa zaidi hafanyi kazi ile aliyofanya Dorsey, hata kama noti zingefanana zote. Simsemi vibaya, pengine naye siku moja atapigwa na telegramu yake, atajua anataka kusema nini. Nasema tu asijifiche nyuma ya marehemu.

Sasa tuje kwenye ile nusu nyingine ya maisha yake, ambayo haina drama na kwa hiyo haisimuliwi. Alipoanza kutunga nyimbo za injili, Dorsey alikopa pesa za stempu, akatuma nakala 500 za wimbo wake kwa makanisa kote nchini. Hakuna aliyejibu. Alikaa muda mrefu bila kupata oda hata moja. Mambo yalifunguka mwaka 1930, wimbo wake ulipoimbwa kwenye mkutano mkuu wa Wabaptisti uliofanyika Chicago na watu wakasimama kwa furaha, wakataka urudiwe tena na tena. Yeye alikuwa tayari. Nota zilikuwa zimechapwa, na aliuza nakala 4,000. Fikiria kama angekuja na sauti yake tu: watu wangebubujika machozi, wangerudi makwao wakiwa na kiitikio kichwani, na baada ya miaka miwili wimbo ungekuwa "wa asili, mtunzi hajulikani". Mwaka 1932 alifungua kampuni yake mwenyewe ya kuchapa nota. Mwaka huohuo alikabidhiwa kwaya ya injili ya kanisa la Pilgrim Baptist, aliyoiongoza kwa takriban miaka 40. Na yeye, Sallie Martin, Theodore Frye na Magnolia Lewis Butts wakaanzisha mkutano wa kitaifa wa kwaya za injili, ambako kila mwaka walimu wa kwaya kutoka miji mbalimbali walikuja kujifunza nyimbo mpya, wakanunua nota, wakarudi nazo makwao. Mkutano huo bado upo.

Sallie Martin anastahili kuelezwa kidogo, maana bila yeye biashara ya Dorsey huenda ingekufa mapema. Alikuwa mwimbaji mwenye sauti ya kukwaruza ambaye Dorsey hakuwa na haraka ya kumpa nafasi. Lakini Sallie alipoingia kwenye duka la nota la Dorsey akakuta pesa zinakaa ovyo, hazina hesabu, kila ndugu na jamaa anachota. Akaweka daftari la mauzo, akaanza kusafiri akiimba na kuuza, mji kwa mji, akianzisha kwaya njiani. Baadaye walitofautiana, akaondoka, na mwaka 1940 akafungua kampuni ya uchapaji nota pamoja na Kenneth Morris. Mahalia Jackson naye, kabla dunia haijamjua, alikuwa akisimama pembeni mwa barabara za Chicago na kuimba nyimbo za Dorsey, huku Dorsey mwenyewe akiziuza nota kwa senti kumi. Senti kumi ni pesa ambayo hata mfanyakazi wa ndani wa enzi ya mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 aliweza kuitoa. Dorsey hakuwa mwimbaji wa ajabu. Alikuwa mtunzi, na alijua kwamba sauti ya mwimbaji huondoka na mwimbaji.

Huku kwetu mambo yako kinyume. Tunamjua mwimbaji, gari lake, ndoa yake na ugonjwa wake, mtunzi hatumjui. Kwaya zilizotikisa miaka ya kanda, zile zilizouzwa kila stendi ya basi kuanzia Mwanza mpaka Mombasa, karibu zote zilikuwa na mwalimu mmoja nyuma aliyekaa usiku akigawa sauti nne. Jalada la kanda lilikuwa na picha ya kwaya nzima imevaa sare, jina la kanisa, jina la msambazaji na namba ya simu ya kuagizia. Jina la mwalimu, mara nyingi, halikuwapo. Namjua mmoja. Ana daftari la mistari la kurasa 96, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi, limejaa herufi za solfa kwa penseli, d na m na s zimepangwa kwa safu nne, na pembeni maneno yamefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Wimbo mmoja wa humo ulikuja kuwa mwito wa simu, ukaimbwa kwenye misiba na harusi ambazo hata hakualikwa. Nilipomuuliza aliutunga lini alifungua ukurasa, akatazama, akasema haukumbuki mwaka. Hakuandika. Wala jina lake hakuliandika, maana ni daftari lake, nani angelisahau?

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi ya hakimiliki. Kenya ina sheria yake ya 2001 na bodi yake. Na Kiswahili chetu cha sheria kimepambanua vizuri: hakimiliki ni ya aliyetunga, hakishiriki ni ya aliyeimba, aliyerekodi, aliyerusha hewani. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haianzi siku ya kujaza fomu, inaanza kazi inapobuniwa. Usajili na maandishi ni ushahidi. Kwa hiyo mwalimu yule ana haki leo. Asichokuwa nacho ni ukurasa wenye jina na tarehe. Wakati huohuo aliyelipia studio amepakia wimbo mtandaoni kwa jina lake, na mapato yanafuata jina lililoandikwa.

Hapo ndipo husikika ile hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, nayo husemwa kwa sauti ya upole mno: injili haiuzwi, mtunzi atalipwa mbinguni. Nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Lakini tazama ni nani anayeambiwa. Mwenye spika haambiwi. Mwenye studio analipwa kwa saa, fundi wa kushona sare analipwa, mpiga picha analipwa, kampuni ya simu inakata chake kila mtu anapouweka wimbo, hata aliyechapa bango la tamasha hapeleki bili yake mbinguni. Katika mnyororo mzima anayetakiwa kusubiri thawabu ya milele ni mtu mmoja tu, yule ambaye bila yeye hakuna wimbo. Maandiko wanayoyashika mkononi yanasema mtenda kazi amestahili ujira wake, na kwamba ng'ombe anayepura nafaka hafungwi kinywa. Dorsey aliuza nota kwa senti kumi, na hakuna aliyewahi kudai kwamba senti hizo zilipunguza machozi ya watu waliokuwa wakiziimba.

Ipo hoja nyingine ya upande huohuo ambayo siwezi kuipita kirahisi. Sehemu ya utajiri wetu haina mwenyewe na haipaswi kuwa naye. Pambio huzaliwa katikati ya maombi, mtu mmoja anaanza, wengine wanaitikia, kesho liko kijiji cha pili likiwa na ubeti mpya. "Tukutendereza" ya Kiganda ilisambaa na uamsho wa Afrika Mashariki ikavuka mipaka na lugha, na mpaka leo wazee wa uamsho kutoka Rwanda, Bukoba au Kenya wakikutana wanaianza tu, bila kuuliza ni ya nani. Ukiiwekea nyimbo kama hiyo kibanda cha ushuru utakuwa umeharibu kitu kitakatifu. Nakubali kabisa. Isitoshe, Dorsey naye aliichukua tuni ya mtu mwingine. Ila kuna tofauti kati ya wimbo uliokua mikononi mwa watu wengi na wimbo uliotoka kwenye daftari la mtu mmoja aliyeufuta na kuuandika upya mara saba. Kumnyang'anya huyu wa pili kwa kutumia heshima ya ule wa kwanza ni udanganyifu, hata kama unafanywa kwa unyenyekevu. Na anayesema pesa zitawaharibu watumishi, namkumbusha kwamba pesa tayari zipo. Kinachoamuliwa ni zimfikie nani.

Tukilikubali hili, hata ugomvi wa midundo unabadilika sura. Mtunzi mwenye haki zake ana sauti katika kuamua wimbo wake uvalishwe nini. Mara ngapi umesikia wimbo wa kwaya wa taratibu umerudiwa na kijana kwa biti ya kuchezea, watu wakabishana wiki nzima kama ni dhambi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama aliyeutunga aliombwa ruhusa? Swali hilo lingetatua nusu ya mabishano, kwa sababu mtunzi ndiye ajuaye alikuwa analia au anashangilia. Kanisa likitaka kulinda ibada yake lina njia ya heshima zaidi kuliko tamko la kupiga marufuku ala: limwandike mtunzi kwenye skrini chini ya maneno ya wimbo, kwaya isiingie studio kabla ya kuandikiana na mwalimu wake nani ana nini, na daftari lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, likiwa na majina na tarehe, kabla panya na mvua hazijalifikia. Kanisa lile la Pilgrim Baptist, alikofanyia kazi Dorsey, liliungua Januari 2006 likabaki kuta. Nyimbo zake hazikuungua, maana zilikuwa zimeshachapwa na kusambazwa.

Na kwaya zetu zinakutana tayari, hilo hatuhitaji kulianzisha. Kuna mashindano ya majimbo na dayosisi, makongamano ya vijana, matamasha ya Pasaka, sherehe za kuzindua albamu ambapo mgeni rasmi huchangisha kwa bahasha. Watunzi wengi wa Kikatoliki wana nota zilizoandikwa vizuri kabisa, zinazozunguka kwa fotokopi kutoka parokia hadi parokia huku mtunzi akipata salamu tu. Kinachokosekana ni kidogo kuliko tunavyodhani. Kwenye tamasha lijalo iwekwe meza mlangoni, pembeni ya wanaouza maji na fulana: nota zenye jina la mtunzi na mwaka aliotunga, bei ambayo mwanakwaya wa kawaida anaimudu, na dada mmoja mkali wa hesabu mwenye kitabu cha risiti.